Wasomaji wanauliza: bichi na taverna za visiwa vya Ugiriki

Barua za safari mwezi huu karibu zote zinauliza Ugiriki, ata wale ambao kawaida wananiuliza Zanzibar na Mombasa. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatasaidia wengi.

Swali: Mimi na mume wangu tuko Ntinda, Kampala, mwakani tunatimiza miaka kumi ya ndoa, tumejiwekea akiba tuende Ugiriki siku kumi. Tumepanga Santorini, Mykonos, Paros, Milos na Krete. Rafiki yangu anasema ni nyingi mno. Ni kweli? Na twende mwezi gani?

Jibu: Hongereni sana dada, na rafiki yako kasema ukweli mtupu. Visiwa vitano kwa siku kumi mtaviona kupitia dirisha la feri tu, manake kila mkihama mnapoteza karibu siku nzima, mnatoka hotelini asubuhi, mnasubiri bandarini na mizigo kwenye jua, mnafika mnatafuta chumba, jioni imeingia. Alafu kuna upepo. Julai na Agosti Bahari ya Aegean inapigwa na upepo wa kaskazini wanaouita meltemi, ukizidi meli zinakatazwa kutoka bandarini, na kama ndege yenu ya kurudi ni kesho yake basi hapo ndo presha inapanda.

Chagueni kisiwa kimoja mkae mtulie. Mimi nawaambia Naxos bila kusita. Feri kutoka Piraeus, ile bandari kubwa ya Athens, inachukua masaa kama matano na kitu, na mkifika kuna bichi tatu zimefuatana, Agios Prokopios, Agia Anna na Plaka, mchanga mzuri mnatembea kwa mguu toka moja mpaka nyingine, na basi la kwenda mjini lipo. Pia Naxos wanalima na kufuga wenyewe, viazi vyao vinasifika Ugiriki nzima na jibini yao ya graviera ni tamu kweli, kwa hiyo chakula mezani hakijatoka mbali.

Santorini najua mnaitaka kwa ajili ya picha. Ni pazuri, sikatai, ule ukingo wa volkano ukiutazama jioni unasahau shida zako zote, lakini bichi zake za Perissa na Kamari ni mchanga mweusi wa volkano, saa saba mchana hukanyagi bila ndala. Nendeni usiku mbili za mwisho mkitokea Naxos, inatosha kabisa.

Mwezi, nendeni Juni au Septemba. Septemba maji yana joto bado sababu jua limeyapiga tangu Juni, na watu wamepungua. Msiende katikati ya Agosti, tarehe 15 ni sikukuu kubwa ya Bikira Maria, Wagiriki wenyewe wanahamia visiwani, na visiwa vya Tinos na Paros vinafurika mahujaji. Waorthodoksi wetu wa Namungoona, Kampala, wanaijua vizuri sikukuu hiyo. Mkichelewa mpaka mwisho wa Oktoba nako taverna nyingi, yaani migahawa ya Kigiriki, zinafunga hadi karibu na Pasaka.

Viza ni ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, ubalozi wa Ugiriki uko Nairobi, ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari lazima ifike euro 30,000. Mnaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, msingoje. Na euro moja ni zaidi ya shilingi elfu nne za Uganda, pigeni hesabu mapema, mkikumbuka kwamba hotelini mtalipa na kodi ya serikali kwa kila chumba kila usiku, ambayo mara nyingi haimo kwenye bei mliyobuku onlaini.

Swali: Kaka, mi niko Mbarara, Septemba nina mkutano Athens na nitabaki na siku mbili za kwangu. Nataka nikae kisiwani nile samaki kando ya maji. Ila nasikia watu wanaletewa bili ya samaki mpaka wanashtuka. Niode vipi?

Jibu: Kwa siku mbili usiende mbali, nenda Aegina. Metro inatoka eapoti mpaka Piraeus moja kwa moja tangu 2022, tiketi euro 9, alafu boti ya kasi inakufikisha kwa dakika kama 40, au feri ya kawaida lisaa limoja na kidogo. Ukifika chukua basi mpaka Perdika, kijiji kidogo cha wavuvi ambapo taverna zimejipanga juu ya maji. Na nunua pistachio za kisiwa hicho, ndo zao lao kuu.

Sasa bili. Samaki mzima mkubwa taverna za Ugiriki anauzwa kwa kilo, bei unayoiona kwenye menyu si ya sahani ni ya kilo, na hapo ndo wageni wengi wanapokwama. Cha kufanya, usikae tu ungojee, inuka uende kwenye barafu walipopanga samaki, hakuna atakayekushangaa maana ni kawaida kabisa pale, mwonyeshe unayemtaka, wampime mbele yako, wakwambie bei, ukiona imezidi chagua mdogo. Ni kama unavyofanya sokoni Ggaba, kule ziwani, ukichagua ngege (sato) kabla hajaenda kwenye mafuta, tofauti ni mzani tu. Menyu pia inatakiwa ionyeshe chakula kilichotoka kwenye friza, tafuta alama ya nyota au herufi za kifupi pembeni ya jina, ngisi na pweza ndo mara nyingi. Si vibaya kula cha friza, ila usilipe bei ya aliyevuliwa leo.

Ukitaka kula vizuri kwa hela kidogo achana na samaki wakubwa, oda gavros, samaki wadogo wanaokaangwa unawatafuna na miiba yote, kisha pweza wa kuchoma, kisha ile saladi ya nyanya, matango, vitunguu na zeituni yenye kipande kizima cha jibini ya feta juu. Mkate utaletewa hata kama hukuoda na unaweza kulipishwa kidogo, hiyo si wizi ni desturi. Risiti usiondoke bila hiyo, sheria yao inasema mteja asipopewa risiti halazimiki kulipa, na mara nyingi imeandikwa kabisa kwenye menyu. Usifike saa moja jioni ukadhani wamefunga, wenyewe wanakula saa tatu, saa nne usiku, na wakimaliza wanakaa tu wanapiga stori na mwenye taverna anawaletea matunda bure, kaa na wewe, hakuna weita atakayekufukuza na bili.

Swali: Sisi ni Waislamu wa Kibuli, Kampala. Tutakula nini huko?

Jibu: Vingi sana. Muwe makini na souvlaki (mishikaki yao) na gyros (nyama ya kuchoma inayokatwa vipande) tu, mara nyingi ni nguruwe, na hata ya kuku ulizeni inachomwa wapi. Ila Waorthodoksi wana mifungo mirefu isiyo na nyama, kwa hiyo kila taverna ina vyakula vya mboga vya kushibisha, maharage makubwa ya kuoka, nyanya na pilipili hoho zilizojazwa wali, bamia, fava ya Santorini (rojo la njegere za manjano). Ulizeni ile nyanya imejazwa nini, kuna wanaoweka na nyama ya kusaga.

Swali: Ile bichi yenye meli iliyokwama mchangani inafikika?

Jibu: Hiyo ni Navagio, kisiwa cha Zakynthos, meli ya Panagiotis ilikwama pale 1980. Kushuka mchangani kumekatazwa sababu mawe yanaporomoka kutoka kwenye genge. Anayekuahidi kukushusha, mwache na boti yake.

Swali: Nina mtoto wa miaka saba, tuko Jinja, ziwani namkataza kuingia kwa sababu ya kichocho. Baharini Ugiriki je? Na bichi zote ni za kulipia?

Jibu: Mama, kichocho ondoa wasiwasi, maji ya chumvi hayana. Bichi kisheria ni za umma, unatandika taulo lako bure, unacholipia ni kitanda na mwavuli. Kuna waliokuwa wanajaza vitanda mpaka wenyeji wanakosa pa kukaa, ndo maana mwaka 2023 watu wa Paros waliandamana na mataulo yao ufukweni, na nawaunga mkono kabisa, na mwaka uliofuata sheria ikakazwa. Kwa mtoto asiyejua kuogelea mpeleke Agios Georgios pale Naxos mjini, unatembea mbali na maji bado yako magotini. Mnunulie viatu vya raba vya majini, kwenye mawe kuna viumbe weusi wenye miiba inayokatikia mguuni, na siku upepo ukivuma mkae mchangani, hata kama maji yanaonekana mazuri.