Majibu yafunike kwa karatasi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza kama hivyo vitabu vya maswali, muhtasari na video ulizokusanya vinakusaidia kwenye uchumi mkuu, yaani somo la uchumi wa nchi nzima, au vinakumalizia muda, maana unasoma, unaelewa, halafu jaribio likija unakwama.

Vinasaidia. Ninachokitilia shaka ni hilo neno "unaelewa". Mimi mama yako nilipita hapo hapo. Nilikuwa na kijitabu chenye majibu nyuma: nasoma swali, nachungulia jibu, natikisa kichwa, nasonga mbele. Nilikimaliza chote, nikajiona mchumi! Mtihani ukaja na swali hili: nguvukazi, yaani wenye kazi pamoja na wanaoitafuta, ni watu 100, na kati yao 10 wanatafuta kazi. Watano wakikata tamaa na kuacha kutafuta, kiwango cha ukosefu wa ajira kitakuwa kipi? Nikaandika 10%, kwani nani kapata kazi hapo? Kumbe aliyeacha kutafuta huondolewa kwenye nguvukazi yenyewe. Wamebaki 95, wanaotafuta ni 5, kiwango kimeshuka hadi karibu 5.3%. Takwimu imependeza, na hakuna hata mmoja aliyeajiriwa. Kinachoniuma ni kwamba swali la aina hiyo lilikuwemo kijitabuni, na jibu lake nilikuwa nimelitikisia kichwa.

Basi majibu yafunike kwa karatasi. Kokotoa kwanza, ukosee, ndipo ufunue. Michoro ichore kwa mkono wako, na kila mstari wa mahitaji ya jumla (ya nchi nzima) unapohama, andika pembeni kilichouhamisha: kodi, riba, matumizi ya serikali. Video zifungue pale kitabu cha kozi kinapokukwamisha tu. Muhtasari wa watu wengine mimi siupendi, tengeneza wako. Na uwe macho na alama, kwani uagizaji wa bidhaa kutoka nje kitabu kimoja huuita M na kingine IM, ukadhani ni vitu viwili.

Sasa lile lililokusumbua kwenye Y = C + I + G + (X − M), yaani pato la taifa ni matumizi ya watu, uwekezaji, matumizi ya serikali, na mauzo ya nje ukitoa uagizaji: kwa nini bidhaa za nje zinatolewa, kana kwamba kuagiza ni hasara kwa nchi? Chukua mtu aliyenunua simu ya 100 iliyotengenezwa nje. Ongeza 100 kwenye C, ongeza 100 kwenye M, kisha tazama Y imefanya nini. Niandikie ulichokiona. Jibu langu nimelifunika.

Mama yako