Kiwiko kinauma: nibadilishe fimbo za gofu?

SWALI: Hucheza gofu kwa fimbo zenye mpini wa chuma. Tangu nianze kufanya mazoezi ya kupiga mpira kwenye zulia, kiwiko cha kulia kinaniuma upande wa ndani, na nikizungusha kitasa cha mlango maumivu hushuka hadi kwenye kigasha. Je, nikinunua fimbo nyingine nitapona?

JIBU: Ndugu msomaji, dalili hizo zinaelekea kuwa za kano za misuli inayokunja kiganja na vidole, ambazo hujishikiza kwenye mfupa uliochomoza upande wa ndani wa kiwiko, ingawa wa kuthibitisha ni daktari. Fimbo mpya haiponyi kano iliyokwisha kuumia. Inaweza tu kuipunguzia mzigo. Kabla ya kuingia gharama hiyo, anza na kishikio, yaani ile sehemu ya raba unayoikamata. Kikiwa chembamba mno, au kikiwa kimechakaa hadi kinateleza, hukulazimu kukaza vidole muda wote wa pigo, na misuli inayokaza vidole ndiyo hiyo hiyo inayozivuta kano zinazouma. Shika fimbo, kisha ukitazame kiganja kilicho juu kwenye kishikio: ncha za kidole cha kati na cha pete zikizama katika nyama iliyo chini ya kidole gumba, kishikio ni chembamba; zikiigusa kidogo tu, kinakufaa.

Mpini wa chuma mara nyingi huwa na gramu 90 hadi 130, ilhali wa nyuzi za kaboni huwa mwepesi zaidi na hufifisha mtetemo vizuri zaidi, hasa mpira unapogongwa kando ya kitovu cha kichwa cha fimbo.

Hata hivyo, kwa maelezo yako, mimi nalishuku zaidi zulia. Kwenye nyasi kichwa cha fimbo hukata udongo na kupita, lakini juu ya zulia jembamba lililotandikwa kwenye sakafu ya saruji hugota, na kishindo chote hupanda mkononi. Liache kwa sasa na upumzishe mkono. Maumivu yakitulia, laza kigasha juu ya paja, kiganja kikitazama juu, ushike uzito mdogo na kuushusha polepole, ukiurudisha juu kwa msaada wa mkono wa pili.

Ukihisi ganzi katika kidole cha mwisho na cha pete, muone daktari mapema, kwa kuwa mshipa wa fahamu unaohudumia vidole hivyo hupita nyuma tu ya ule mfupa uliochomoza upande wa ndani wa kiwiko.