Mpe mtoto sheria ya mchezo kabla hujampa ubaguzi

Msomaji mmoja wa Mbale, Uganda, ameniandikia kuhusu mswada wake wa riwaya ya watoto. Ndugu wawili wa Jinja, baba Mhindi, mama Msoga, wa kabila la huko Jinja. Mkubwa amechukua rangi ya baba, mdogo ya mama, na wote wanacheza kriketi. Mhariri ameurudisha akisema una mahubiri mengi. Dada yangu, usikimbilie kufuta. Kwanza upe mchezo kazi.

Msimulizi akitangaza kwamba ubaguzi ni mbaya, mtoto wa miaka 10 anaruka ukurasa. Ubaguzi ukitendeka ndani ya sheria anayoijua, hasira inampanda mwenyewe. Kriketi ina uamuzi unaofaa sana hapa: mguu mbele ya wiketi, yaani vile vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji. Mwamuzi anaweza kumtoa mpigaji ikiwa mpira uliogonga mguu wake ungeendelea hadi kwenye vijiti. Lakini mpira ukidunda nje ya kijiti cha upande wa miguu (upande anakosimama mpigaji), hatolewi kwa sheria hiyo, hata kama ungeviangusha vijiti vyote vitatu.

Ifundishe mapema, sura ya 3 hivi, na iwe kwa kitendo. Kaka anapiga mstari wa chaki kutoka kijiti hicho hadi wiketi ya upande wa pili, anadundisha mpira nje yake na kusema, "Ukitua hapa, mdogo wangu, hakuna wa kukutoa kwa mguu." Sura ya 12 mpira unatua palepale, unamgonga mdogo kwenye pedi, na kidole cha mwamuzi kinapanda juu: ametolewa. Ishia hapo. Waandishi wengi huleta sheria baada ya tukio, na shujaa anaonekana analalamika kwa kuwa ameshindwa.

Uamuzi mmoja mbovu bado ni kosa tu la mwamuzi. Unahitaji wa pili wa kuulinganisha nao. Katika mechi hiyohiyo, mpira uguse ukingo wa gongo la kaka, mlinda wiketi audake kabla haujagusa ardhi, jambo linalomtoa mpigaji, na mwamuzi yuleyule atikise kichwa kwamba hajatoka. Kaka ameusikia mguso. Mchezo unamruhusu kuondoka mwenyewe bila kusubiri kutolewa. Akibaki, riwaya yako ndiyo imeanza, maana ndugu yake, mpigaji mwenzake, yuko kwenye wiketi ya pili anamtazama. (Kwa hiyo panga zamu vizuri: tukio la kaka litangulie, mdogo akiwa bado hajatolewa.)

Baada ya hapo usiwape hotuba, wape mbio. Kati ya wiketi na wiketi ni mita 20 hivi, na wapigaji wawili hukimbia kubadilishana nafasi ili wapate alama, kwa kuitana: ndiyo, hapana, ngoja. Mwito ukichelewa kidogo, mmoja anakamatwa katikati na kutolewa. Ndugu walionuniana hawaitani vizuri, na mtoto atauona ufa huo bila kuelezwa.

Mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Wahindi siku 90 waondoke, usiugeuze kuwa somo la historia. Uingize kupitia babu mmoja na kitu kimoja alichorudi nacho. Na uwe mkweli kwa pande zote mbili: kuna shangazi upande wa baba asiyetaka mtoto mweusi aonekane kwenye picha ya harusi, na kuna watoto wa mtaani wanaomwambia kaka arudi kwao. Ukiacha upande mmoja, umewadanganya watoto.

Hadithi ikiwa ya leo, ubaguzi uuweke kwenye timu ya shule na nyumbani, si kwenye timu ya taifa. Timu ya Uganda iliyoishinda Papua New Guinea huko Guyana, Kombe la Dunia la T20 (kriketi fupi) mwaka 2024, ilikuwa na Frank Nsubuga, Mwafrika mweusi, na Riazat Ali Shah, mwenye asili ya Asia, pamoja. Mtoto anayefuata kriketi analijua hilo, atakukamata.

Katika riwaya yako, kombe usilitumie kama dawa ya ubaguzi. Wacheze vizuri, hata washinde ukitaka, lakini shangazi abaki alivyo. Kinachopaswa kubadilika ni kaka: mechi inayofuata, mguso ule ukisikika tena, aweke gongo kwapani na kutoka kabla mwamuzi hajaamua.