Gari linatoa moshi, au gari liko Moshi? Maswali yenu kuhusu matangazo ya Google

Tangu niandike kuhusu matangazo ya kulipia kila mtu anapobofya, maswali hayajakatika. Mengi yametoka kwa watu wa utalii, kama ilivyo ada ya Arusha, lakini safari hii hata mafundi wamejitokeza. Nimeyafupisha, na majina nimeyaondoa.

Kaka, nina kampuni ndogo ya safari hapa Sakina. Naweka dola 10 kwa siku. Mwezi uliopita wamebofya watu 140, nikapata barua pepe moja tu, nayo ya mtu anayeomba kazi ya udereva. Niongeze hela?

Usiongeze hata senti. Huyo mwomba kazi amekujibu bila kujua.

Ingia kwenye akaunti, fungua ripoti ya maneno waliyoandika watafutaji. Si yale uliyoyanunua wewe. Ni yale waliyoyaandika wao kwa vidole vyao. Wengi hawajawahi kuifungua ripoti hiyo. Ukinunua neno "Serengeti" kwa mlingano mpana, umemwambia Google akuletee chochote kinachokaribiana na hilo neno, naye hana hiyana, anakuletea.

Kuna siku nilikaa na mteja jirani na Mnara wa Saa, tukaipitia ripoti yake mstari kwa mstari. Wa kwanza alitafuta ajira za madereva wa utalii. Wa pili, nadhani mwanafunzi, alitaka kujua nyumbu wa Serengeti ni wangapi. Akafuata wa bia ya Serengeti. Akafuata aliyetaka matokeo ya Serengeti Boys, vijana wetu wa chini ya miaka 17. Wote walibofya, wote walilipiwa. Mteja wangu aliacha chai ikapoa. Alipofika kwa yule wa bia alicheka, alipofika kwa wa nne hakucheka tena.

Dawa yake ni maneno ya kuzuia, yaani yale ambayo mtu akiyaandika, tangazo lako lisitokee. Kwako uanze na kazi, ajira, mshahara, bia, boys, ramani, picha, na uyaandike kwa Kiingereza pia, kwa sababu wageni wako hawaandiki Kiswahili. Angalia kitu kimoja: neno la kuzuia halijitanui lenyewe. Ukizuia neno la Kiingereza la kazi katika umoja, la wingi linapita kama kawaida. Andika yote mawili. Usizuie kwa hasira pia. Neno "bei" liache kabisa, anayeuliza bei ndiye mnunuzi. Neno "nafuu" lizuie tu kama unauza lodge za kifahari peke yake.

Fanya hivyo kila Jumatatu kwa mwezi mzima, dakika 20 zinatosha. Kisha ubadilishe mlingano mpana uwe wa kirai (alichoandika mtu kibebe maana ya maneno yako) au kamili (kiwe na maana ile ile ya neno lako), angalau kwa maneno yanayokula hela nyingi. Mibofyo itapungua, usishtuke. Kwa dola 10, kama mbofyo mmoja ni dola 2, unanunua watu watano tu kwa siku. Kati ya watano hao asiwepo hata mmoja wa mpira.

Habari za kazi. Nilikuwa guide wa mlima miaka mingi, sasa nina ofisi yangu Moshi, Soweto. Wakubwa wananizidi bei kwenye neno Kilimanjaro. Halafu kila asubuhi nalitafuta tangazo langu kwenye simu, silioni. Nifanyeje?

Kwanza acha kulitafuta. Kama umelenga Ujerumani na Marekani, wewe uliyeko Soweto hutaliona, na ndivyo inavyotakiwa. Kama umelenga na Tanzania, kila unapolitafuta bila kubofya unalirekodia kwamba lilionekana likapuuzwa. Ndani ya akaunti kuna kifaa cha kuhakiki tangazo: unachagua nchi, unaliona lilivyo, na hakuna kinachoharibika.

Sasa bei. Kila mtu anapotafuta, Google anaendesha mnada papo hapo, na mnada huo hautazami dau peke yake. Unatazama pia uwezekano wa tangazo kubofywa, linavyoendana na alichoandika mtu, na ukurasa anaoukuta akifika. Ndiyo maana mwenye dau la dola 2 anaweza kukaa juu ya mwenye dola 3. Kwenye akaunti utaona alama ya ubora, kati ya 1 na 10. Yenyewe haiingii mnadani, lakini kama kipimajoto, inakuonyesha homa iko wapi.

Neno "Kilimanjaro" tupu waachie wakubwa. Humo wamo wanaotafuta bia, maji ya chupa, na watoto wa shule wanaotaka urefu wa mlima (mita 5895, waambieni waende). Wewe una kitu ambacho kijana wa ofisi ya matangazo hana: umetembea njia zote. Unajua kuwa Marangu ndiyo njia pekee yenye vibanda vya kulala, na kuna wageni wasiotaka hema kabisa, nao huandika hivyo hivyo kwenye Google. Unajua kuwa Marangu huitwa Coca-Cola na Machame huitwa Whiskey, na kuna wageni wanaotafuta kwa majina hayo. Unajua kwa nini mtu atake Lemosho kwa siku 8 badala ya 7. Hayo ndiyo maneno ya kununua.

Kila njia uipe kundi lake la matangazo na ukurasa wake. Aliyeandika Lemosho siku 8 asipelekwe ukurasa wa mbele wenye simba na fukwe za Zanzibar. Apelekwe mahali panapoonyesha lango la Londorossi siku ya kwanza, kushukia Mweka siku ya mwisho, bei, tarehe za makundi, na wapagazi wangapi kwa kila mgeni. Bei iandike. Najua wengi wenu mnaificha ili mteja aulize. Haulizi, anarudi nyuma kubofya jirani yako, na dola 2 zako zimeshaenda.

Kwenye tangazo lenyewe una nafasi ya vichwa 15, kila kimoja herufi 30, na maelezo 4 ya herufi 90. Usizipoteze kwa "kampuni bora Tanzania". Wote wameandika hivyo. Na ile picha ya Uhuru uliyoipiga mwenyewe, ya MB 7, ipunguze kabla hujaipandisha. Mjerumani aliye kwenye treni na simu mkononi hasubiri.

Mimi ni fundi magari, gereji yangu iko Moshi mjini. Nimeweka neno "fundi gari Moshi". Napigiwa simu na watu wa Mwanza na Dar es Salaam wakiniuliza kwa nini gari linatoa moshi mweupe! Ni nini hiki?

Swali hili limenifurahisha kuliko yote. Mji wako una jina gumu, fundi. Kwa mashine, "gari Moshi" na "gari linatoa moshi" ni ndugu wa tumbo moja.

Nilitaka kukwambia uzuie "moshi mweupe" na "moshi mweusi", nikajizuia. Mtu wa Majengo au Pasua ambaye gari lake linatoa moshi mweupe ni mteja wako halali, tena huenda ana kazi ya gasketi ya silinda hedi. Ukizuia maneno hayo umemfungia mlango. Rekebisha mahali badala ya neno. Kwenye mipangilio ya eneo, chaguo analokuwekea Google mwanzoni ni watu walioko mahali hapo pamoja na wanaoonyesha kuvutiwa napo. Wewe chagua walioko peke yake. Chora duara la kilomita 15 au 20 kutoka gereji yako, tangazo litokee saa za kazi tu, na liwe na kitufe cha kupiga simu. Ukiwa pale pale, toa tiki kwenye matangazo ya mtandao wa tovuti nyingine. Mwenye gari lililokwama anatafuta kwenye Google, hasomi hadithi.

Dashibodi inaniambia nimepata "mafanikio" 90 mwezi huu. Wateja waliolipa: sifuri. Nani muongo?

Hakuna muongo, ila umehesabu kitu kisicho na thamani. Nalijua kosa hili kwa sababu nilishalifanya. Miaka ya mwanzo nilimwekea mteja hesabu hivi: kila anayefungua ukurasa wa mawasiliano, ni mafanikio. Mfumo wa dau wa kujiendesha, ule unaopanga dau wenyewe kufuata mafanikio uliyoweka, hutii unachouambia, ukaanza kuniletea watu hodari wa kufungua kurasa. Wiki tatu dashibodi inacheka, mwenye kampuni ananuna. Nilimrudishia sehemu ya hela yake, na haikuwa ndogo kwangu wakati ule.

Hesabu vitu vitatu tu: fomu iliyotumwa kweli, kitufe cha WhatsApp kilichobonyezwa, simu iliyopigwa. Weka mtu mmoja ahesabiwe mara moja, hata akibonyeza mara tano. Ukishazoea, nenda hatua ya pili: kila mbofyo una namba yake ya utambulisho, ihifadhi pamoja na fomu. Mteja akiwa wa kweli, mrudishie Google taarifa kwamba mbofyo ule ulizaa. Muda wa kurudisha taarifa hiyo ni siku 90 tangu mbofyo, na mgeni wa safari anaweza kufikiria kwa miezi sita, kwa hiyo mimi sisubiri alipe. Akishajibu bei niliyomtumia na kuuliza tarehe, namhesabu.

Na kabla ya kuilaumu mashine, tazama mnajibu saa ngapi. Saa 3 usiku ya New York wakati wa kiangazi chao ni saa 10 alfajiri kwetu. Mgeni anaandika mkiwa mmelala, mnafungua ofisi saa 3 asubuhi, mnajibu baada ya chakula cha mchana. Wakati huo aliyejibu alfajiri ameshamtumia ratiba.

Masika imeanza, wageni hakuna. Nizime matangazo mpaka Juni?

Wageni hawapo barabarani, lakini wapo kwenye Google. Anayekuja Julai hadi Oktoba hatafuti Julai. Aprili yupo mezani na mke wake wanapigana na kalenda. Punguza kidogo kama mfuko umebana, badilisha maneno yaelekee msimu mkavu, lakini usizime. Ukizima miezi miwili, mfumo wa dau utahitaji muda kushika tena, na utakuwa unajifunza kwa hela yako ya Juni. Wapo wenzangu mjini wanaozima kila Aprili. Sijawahi kuwalalamikia.

Nimeweka dola 10 kwa siku, jana nimekatwa 18. Huu si wizi?

Hapana. Siku moja inaweza kufika mara mbili ya bajeti, kisha nyingine inashuka. Kwa mwezi kikomo ni bajeti yako mara 30.4, yaani kwako dola 304. Ikizidi hapo ndipo ulalamike.

Nahisi washindani wananibofyea makusudi.

Inawezekana, mara chache. Google huchuja mibofyo isiyo halali, na iliyopita huirudishia kama salio. Kwenye ripoti kuna safu ya kuiangalia, iwashe uone. Nimekagua akaunti nyingi za watu wenye hisia hiyo. Mara nyingi mchawi alikuwa mlingano mpana.

Kijana aliyenifungulia matangazo alitumia barua pepe yake. Tumekosana, na akaunti hataki kunipa. Kadi ya benki ni yangu.

Pole, dada. Anza kwa upole, hata kupitia mtu mzima mnayemheshimu wote wawili. Huhitaji nywila yake: aongeze barua pepe yako kama msimamizi, kazi ya dakika mbili, kisha wewe umwondoe yeye. Akikataa kabisa, iambie benki izuie kadi, ufungue akaunti mpya kwa jina la biashara. Utapoteza kumbukumbu za nyuma, na hilo linauma, lakini wiki chache za ripoti ya maneno zitakurudishia nyingi.

Akikubali, ukishaingia fungua historia ya mabadiliko kabla ya kitu kingine. Utaona tarehe ya mwisho aliyoigusa hiyo akaunti, huku ukimlipa kila mwezi.