Maswali ya Mwezi: Mzinga wa Verne, Kimya cha Angani na Jibu Lililowahi Mno

Mwezi huu klabu yetu ya wapenzi wa hadithi za kisayansi ilisoma riwaya ya Jules Verne ya mwaka 1865, ile ya watu watatu wanaofyatuliwa kwa mzinga kwenda mwezini. Tulipanga kukaa saa mbili, tukakaa nne, na ubishi ukatufuata hadi mlangoni. Maswali kadhaa yamezaliwa hapo, kwa hiyo naanza na hilo.

Swali: Ndugu katibu, niliondoka kabla ubishi haujaisha. Mwishowe mlikubaliana? Ule mzinga ungemfikisha mtu mwezini akiwa hai?

Hapana, asingefika hai. Aliyekata mzizi wa fitina ni mwenzetu aliyeinuka kimya, akachukua chaki, akaanza kuandika ubaoni. Verne anatupa urefu wa mzinga: futi 900, yaani mita 274 hivi. Kitu kinachotaka kuuponyoka mvuto wa dunia kinahitaji mwendo wa karibu kilomita 11 kwa sekunde. Kuupata mwendo huo wote ndani ya mita 274 ni kukandamizwa kwa nguvu inayozidi uzito wako mara 20,000 na ushei. Mtu wa kilo 60 angelemewa kama aliyeangukiwa na tani 1,200. Wanaanga wa kweli hubanwa mara tatu au nne tu roketi inapopaa, kwa sababu roketi huongeza mwendo kidogo kidogo kwa dakika kadhaa. Verne mwenyewe aliliona tatizo, ndiyo maana akaweka maji chini ya sakafu ya chombo yapunguze kishindo. Maji yale yasingefua dafu.

Katika riwaya, mzinga unafyatuliwa Florida, Marekani. Miaka 104 baadaye, Apollo 11, safari ya kwanza kuwafikisha watu mwezini, nayo ikaondokea Florida, ikiwa na watu watatu ndani. Kuna walionong'ona kwamba Verne alikuwa nabii. Mimi naona ukweli ni mtamu zaidi ya unabii. Verne alitafuta mahali ambapo mwezi hupita utosini. Wahandisi wa Apollo walitaka kusogea karibu na ikweta kadiri nchi yao ilivyoruhusu, ili mzunguko wa dunia uisaidie roketi kuelekea mashariki, na chini yake pawe na bahari endapo ingeanguka. Sababu mbalimbali, lakini kila upande ulilazimika kwenda kusini mwa Marekani, kwa kuwa kila upande uliitii hesabu yake.

Swali: Shikamoo. Nina miaka 11. Kwenye filamu vyombo vya anga vikilipuka vinapiga kishindo kikubwa. Baba anasema ni uongo. Ni kweli?

Marahaba, mwanangu. Baba yuko sahihi. Weka vidole kooni, ufunge mdomo, uvumishe "mmm". Unasikia koo likitetemeka? Mtetemo huo hupita kwenye hewa hadi kwenye masikio ya aliye karibu nawe. Angani hakuna hewa ya kuubeba, kwa hiyo chombo kikilipuka, anayetazama kwa mbali ataona mwanga bila kusikia chochote. Wanaanga huongea kwa redio, kwa sababu mawimbi ya redio hayahitaji hewa. Redio zikiharibika, wawili wanaweza kugusanisha kofia zao, sauti ikapita kwenye kofia zenyewe.

Mwambie baba kwamba filamu inayothubutu kunyamaza pale chombo kinapopasuka hunitisha mimi kuliko yenye ngurumo.

Swali: Tukiwa hukohuko: mtu akitoka nje ya chombo bila vazi la anga, anapasuka kama puto?

Hapasuki. Ngozi yetu ni imara kuliko tunavyodhani. Mwili huvimba, haupasuki. Tunajua kiasi fulani kwa sababu ya ajali iliyotokea mwaka 1966 huko Houston, katika chumba kilichotolewa hewa kwa ajili ya kujaribu mavazi ya anga. Bomba la hewa lilichomoka kwenye vazi la mhandisi aliyekuwa ndani. Alizimia baada ya sekunde 14 hivi. Chumba kikarudishiwa hewa haraka, akazinduka na kupona. Alisema jambo la mwisho analokumbuka ni mate yakianza kutokota juu ya ulimi wake. Hayakuwa na moto: hewa isipoyakandamiza, maji huchemka kwa joto la mwili tu.

Wanaoandika hadithi, shikeni hili. Mhusika wenu ana sekunde kumi na kitu za fahamu, na asijaribu kuzuia pumzi, maana hewa iliyobanwa kifuani itayachana mapafu. Kuvuka hatua kumi kutoka mlango hadi mlango katika muda huo ni tukio la kutosha kurasa mbili.

Swali: Neno "roboti" lilitoka wapi?

Kwa Wacheki. Mwandishi wao Karel Čapek alilitumia katika tamthilia yake iliyochapishwa mwaka 1920, na mwenyewe alieleza kwamba ni kaka yake Josef aliyempa neno hilo. Linatokana na "robota", yaani kazi ya shuruti. Roboti wake hawakuwa wa chuma. Waliumbwa kwa kitu kinachofanana na nyama.

Swali: Kwa nini watu wa hadithi hizi wanapenda vilabu? Wasomaji wa riwaya za mapenzi mbona hawakutani hivi?

Wa riwaya za mapenzi watajisemea wenyewe. Sisi ilianza kwa barua. Mwaka 1926 Hugo Gernsback alianzisha Marekani jarida la hadithi za kisayansi tupu, na katika ukurasa wa barua akachapa majina ya wasomaji pamoja na anwani zao. Kijana aliyedhani yuko peke yake na ndoto zake za sayari nyingine akagundua kwamba mwenzake anaishi mtaa wa tatu. Wakaandikiana, wakakutana, wakaanza kuchapa vijarida vyao wenyewe. Kufika mwaka 1939 walifanya mkutano wao wa kwanza wa dunia mjini New York, wakiwa watu 200 hivi. Kila nikifungua bahasha zenu nawakumbuka hao, kwa sababu safu hii ni mtoto wa ukurasa ule.

Swali: Nilisoma hadithi yangu mbele ya klabu. Mwanachama mmoja aliichambua hadi nikaona aibu, eti msafiri wangu kufika nyota ya jirani kwa wiki mbili ni upuuzi. Niache kuandika?

Usiache, ndugu yangu. Nilikuwepo, na nasikitika kwamba sikuingilia kati mapema. Kuanzia mwezi ujao, anayechambua ataanza kwa kutaja mahali palipomfanya atamani ukurasa unaofuata. Kwangu ni pale dada msafiri wa hadithi yako anapolifuta vumbi dirisha kabla ya kuondoka, ingawa anajua nje hakuna vumbi.

Sasa kuhusu nyota. Proxima Centauri, nyota ya jirani yenyewe, iko umbali wa miaka ya nuru 4.24, yaani nuru huchukua miaka 4.24 kufika huko. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kinakwenda kilomita 17 hivi kwa sekunde; kama kingeelekezwa huko, kingechukua zaidi ya miaka 70,000. Hata hivyo mwendo wa wiki mbili haunikwazi. Umebuni injini, na msomaji amekubali kuipanda. Kinachonikwaza kiko ukurasa wa tatu: msafiri amefika, anamtumia mama yake ujumbe kwa redio, na jibu linaingia papo hapo. Redio hukuibuni, ni hii hii yetu, na haiendi kasi kuliko nuru. Salamu zake zitafika nyumbani baada ya miaka minne na zaidi, na jibu litamrudia mwaka wa tisa. Yeye mwenyewe anaweza kurudi kwa wiki mbili na kumkuta mama bado hajapokea kitu. Hebu andika mlango huo ukifunguliwa. Mama anamwona mwanawe kabla ya kuisikia sauti yake aliyomtumia, na miaka minne baadaye redio inawaka, binti anasikika akisema amefika salama. Siku hiyo yuko wapi? Naisubiri rasimu ya pili.

Chemsha bongo

Mwezi uliopita tuliuliza: ni sayari gani ambayo siku yake ni ndefu kuliko mwaka wake? Ni Zuhura. Hujizungusha mara moja kwa siku 243 za dunia, na hulizunguka jua kwa siku 225. Hongereni mliopata.

Cha mwezi huu. Kitendawili! Mwanaanga kasimama mwezini, mkono mmoja nyundo, mkono mwingine unyoya. Kaviachia kwa pamoja kutoka kimo kimoja. Kipi kinatangulia kufika chini? Jambo hili lilifanywa kweli huko juu mwaka 1971, kamera ikitazama. Atakayeshindwa aje na mji wa kunipa.