Taarifa yako inasomwa kwenye simu, iandikie simu

Msomaji aliyeajiriwa juzi kuwa afisa uhusiano anauliza: kwa nini taarifa yake ya kurasa mbili, yenye nembo na muhuri, haikusomwa, wakati uvumi alioukanusha umeshazunguka magrupu yote ya WhatsApp?

Aliiandikia dawati la habari. Mtindo huo ni wa zamani: Oktoba 1906, treni ya kampuni ya reli ya Pennsylvania Railroad ilipotumbukia majini Atlantic City, Marekani, Ivy Lee, mtu wa uhusiano wa kampuni hiyo, aliwapa waandishi maelezo yaliyokwishaandikwa, na New York Times wakayachapa. Siku hizi mtu anatumiwa taarifa na shangazi yake, bando likielekea kuisha.

Kwa hiyo tuma picha moja, si PDF. PDF wengi hawaifungui. Maneno 80 hadi 100 yanatosha, yasomeke bila kukuza. Anza na habari yenyewe: "Maji hayatatoka kesho Jumanne, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni." Ile "Uongozi unapenda kuutaarifu umma kuwa" inakula mistari michache inayoonekana kabla ya "soma zaidi". Weka tarehe na saa ya kutolewa ndani ya picha, kwa sababu miezi sita baadaye kuna mtu atairusha upya kama ya leo. Chini ya picha bandika maneno yaleyale, watu wa redio na blogu wanakili bila kukosea. Redio waongezee sauti ya msemaji, sekunde 30 au 40, feni ikiwa imezimwa. (Feni imeharibu klipu nyingi kuliko wasemaji wabovu.)

Ukikanusha kwa kuonyesha picha ya uvumi wenyewe, neno FEKI lipite kwa mshazari juu ya maandishi yake yote. Likikaa pembeni litakatwa, na utakuwa umewasambazia wazushi nakala safi. Kichwa cha habari kibebe ukweli, si uongo unaoukana.

Mteja akilalamika hadharani, usimwombe namba ya akaunti palepale kwenye maoni, mhamishie inbox. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022.

Yote haya hayafui dafu kama taarifa inangoja sahihi ya mkurugenzi aliye safarini. Hapo ndipo wengi wanapokwama, wakaishia kulaumu mitandao. Andaa mapema rasimu tatu zenye nafasi za kujaza: huduma kukatika, ajali, uvumi. Azipitishe akiwa ametulia ofisini, mkubaliane nani anajaza na nani wa pili kusoma. Siku ya tukio utahitaji kwake neno moja tu kwenye simu: "Sawa."