Penalti Ikitolewa Saa Imekwisha

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa michezo katika sekondari moja hapa Tabora, na mara nyingine huombwa kuchezesha mechi za shule jirani. Katika mechi ya hivi karibuni tulikubaliana kucheza dakika 35 kila kipindi. Zikiwa zimesalia sekunde chache mchezo uishe, beki aliushika mpira ndani ya eneo la hatari. Nilipomaliza kuwaondoa wachezaji walionizonga, saa ilikuwa imekwisha. Penalti ikapigwa, golikipa akaupangua mpira, na mpigaji akaumalizia wavuni. Nilikataa bao, na tangu siku hiyo naitwa mla rushwa hadi sokoni. Je, nilikosea? Na faulo za kawaida nazo huongezewa muda?

JIBU: Ndugu Mwalimu, sheria ya penalti uliifuata vizuri, kilichokuponyoka ni saa.

Muda ukiisha kabla penalti haijapigwa, kipindi hurefushwa kwa ajili ya mkwaju huo peke yake, kwani vinginevyo kipa yeyote angeubutua mpira hadi miembeni na kusubiri filimbi. Mkwaju huo humalizika mpira unaposimama, unapotoka nje au unapoguswa na mchezaji yeyote, akiwemo mpigaji mwenyewe, isipokuwa golikipa anayelinda lango. Ukimgonga kipa au mwamba kisha ukaingia wenyewe, ni bao. Ukimaliziwa na mtu, si bao.

Lakini soma tena barua yako. Muda uliisha wakati wachezaji wanakuzonga, na Sheria ya 7 inamtaka mwamuzi afidie muda unaopotea kwa kutoa kadi, kutibu majeruhi, kubadilisha wachezaji na kuchelewesha makusudi mpira kuanza tena. Kama mzozo ule ulikula dakika mbili, basi dakika hizo zilikuwa bado mali ya mchezo. Penalti hiyo ingekuwa ya kawaida, na mpigaji, baada ya kipa kuugusa mpira, angekuwa na haki kamili ya kuumalizia. Waliolalamika walikuwa na hoja, ila hiyo ya rushwa waliitoa kwingine. Matokeo hata hivyo hayabadiliki, kwa kuwa mchezo ulishamalizika.

Faulo za nje ya eneo la hatari hazirefushi kipindi hata kidogo: muda pamoja na nyongeza ukiisha, unaweza kupuliza filimbi ya mwisho hata kama mpira wa adhabu umeshatengwa. Kinachofidiwa ni ucheleweshaji uliozidi kawaida, si faulo yenyewe.

Safari ijayo vaa saa mbili, moja uiache itembee na nyingine uisimamishe kila mzozo unapozuka. Na kama kweli hakuna muda uliobaki, waite manahodha wote wawili kabla ya mkwaju, uwaambie kwa sauti inayofika hadi kwa watazamaji kwamba hakuna kumalizia.